Dakika Ishirini za Mchezo

Mwaka jana nilikuwa nikifanya mazoezi ya kufundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi. Mwalimu aliyekuja kunikagua aliandika chini ya karatasi yangu: "Dakika ishirini zimepotea katika mchezo." Alama zangu zikashuka. Siku ile sikubishana naye, kwa kuwa mwanafunzi anayekaguliwa habishani na mkaguzi. Lakini nimebishana naye moyoni mwaka mzima, na leo naomba nafasi katika jarida letu ili nimjibu kwa heshima, mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wetu.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe. Somo lilikuwa kusoma saa. Kila mtoto wa mji huu anaishi na saa mbili kichwani. Kwa Kiswahili tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Kwa Kifaransa na Kiingereza hesabu inaanza usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. Ukitazama saa ya ukutani utaona kwamba namba ya Kiswahili iko ng'ambo ya ile inayoonyeshwa na mshale mfupi: mshale ukiwa kwenye 10, sisi tunasema saa nne. Wiki ya kwanza nilifundisha jambo hili kama nilivyofundishwa mimi. Niliandika orodha ubaoni, wanafunzi wakanakili, wakaimba pamoja. Wiki iliyofuata nilipouliza, wengi walikuwa wamesahau.

Kwa hiyo siku ya ukaguzi nilianza na swali: ndege inaondoka Lubumbashi saa nne asubuhi, inatua Kinshasa saa tano asubuhi, kila mji kwa saa yake. Imekaa angani muda gani?

Darasa zima likajibu: saa moja. Nikasema hapana. Kukawa kimya, kisha kelele. Mmoja akakumbuka kwamba redio ya Kinshasa hutaja saa iliyo nyuma ya saa yetu. Mwingine akasema basi tutoe moja, ndege haikutumia muda wowote. Wakacheka. Ndipo msichana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye kwa wiki mbili sikuwahi kusikia sauti yake, akaja ubaoni akachora saa mbili, moja ya hapa na moja ya kule. Akasema: "Inapokuwa saa nne huku, kule bado ni saa tatu. Kutoka saa tatu mpaka saa tano ni saa mbili." Nikamwomba aseme hivyo kwa Kiingereza. Akajaribu, akakwama, wenzake wakamsaidia neno kwa neno, mpaka sentensi ikasimama. Ilikuwa sentensi ndefu yenye vishazi viwili, kimoja cha wakati, yaani ile ile niliyoshindwa kuwafundisha kwa orodha. Kabla sijafuta ubao akaniuliza: "Na ikiondoka Kinshasa saa saba mchana, itatua huku saa ngapi?" Sikuwa nimeandaa swali hilo. Ni yeye aliyelitunga, na darasa likalijibu: saa kumi.

Hizo ndizo dakika ishirini zilizopotea.

Najua msomaji wa kitivo chetu anaweza kuuliza hesabu zinatafuta nini kwetu. Tuseme ukweli: wengi wetu tuko hapa kwa sababu tulizikimbia. Sekondari tulichagua sehemu ya fasihi, na siku ya mtihani wa serikali tulipomaliza karatasi ya hesabu tuliapa kutoziona tena. Mimi pia niliapa. Sikukimbia namba, maana sokoni nahesabu chenji yangu vizuri na hakuna mama muuzaji anayenidanganya. Nilichokimbia ni hali ya kusimamishwa mbele ya wenzangu, kuulizwa kitu nisichokijua, na kuitwa mjinga. Ninachotaka kusema leo ni kwamba chemsha bongo, liwe la namba au la maneno, linaturudishia kitu ambacho shule ilitunyang'anya: haki ya kukosea bila kuaibika, na mazoea ya kusoma sentensi polepole mpaka itoe siri yake. Mambo hayo mawili ni kazi yetu sisi watu wa lugha kabla ya kuwa kazi ya mwanahisabati.

Chukua lile swali linalozunguka mabwenini umeme unapokatika. Baba wawili na watoto wawili walikwenda kuvua. Walipata samaki watatu, na kila mmoja akarudi nyumbani na samaki mmoja mzima. Imewezekanaje? Nimeona wanafunzi wa uhandisi wakigawanya tatu kwa nne mpaka simu zikaisha moto. Jibu ni babu, baba na mwana: yule wa katikati ni baba na ni mtoto pia. Hapo hesabu ni ndogo sana. Mtego wote uko katika maneno. Sisi tulilichukua neno "baba" kama jina la mtu, kumbe linataja uhusiano. Tukalichukua neno "na" kama linalounganisha makundi mawili yaliyotengana, kumbe makundi hayo yanaweza kushirikiana mtu mmoja. Na kwa Kiswahili, ambamo kuna baba mkubwa na baba mdogo, mjadala unaweza kuendelea hata baada ya jibu kutolewa. Profesa wa semantiki angeweza kuanza kozi yake kwa samaki hao watatu.

Jambo la pili linahusu aibu. Wazee wetu walijua kuipunguza. Katika desturi ya vitendawili ya Waswahili, mmoja anasema "Kitendawili!", wenzake wanajibu "Tega!", naye anatega. Wakishindwa, mtegaji anadai: "Nipe mji." Wanampa mji mmoja wanaoutaka wao, anajifanya kwenda huko, anakula na kunywa, kisha anarudi na kutoa jibu. Tazama bei ya kutojua: mji wa kufikirika, na kicheko. Kesho yake aliyeshindwa jana anatega kitendawili kile kile kwa watoto wa jirani. Katika darasa letu bei ya kutojua ni sifuri, na sifuri zikiwa nyingi ni mwaka mzima wa ada ya wazazi. Ndiyo maana mwanafunzi wetu ananyamaza. Anangoja silabusi, anainunua, anaikariri, anaitapika siku ya mtihani, na baada ya likizo hana kitu. Tunamlaumu kwamba hafikiri, wakati tumepandisha bei ya kufikiri kupita uwezo wake.

Kuna methali isemayo: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Naiheshimu, ila nadhani imetufanyia madhara kidogo darasani. Inagawa watu katika makundi mawili kabla fumbo halijategwa. Yule msichana wa safu ya nyuma, wiki mbili nilikuwa nimemweka katika kundi la kwanza. Saa mbili alizochora ubaoni zilinionyesha kwamba mjinga alikuwa mimi.

Wengine watasema michezo hii ya akili ni ya kigeni, ni ya magazeti ya Ulaya. Hapa naomba tusafiri kidogo, kwanza kuelekea kaskazini, mpaka Ishango. Mahali hapo pako Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 mtafiti Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizochanjwa katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na leo umehifadhiwa Brussels. Safu moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila safu utapata 60. Safu ya tatu ina mafungu manane, na jumla yake ni 48. De Heinzelin aliona kwamba huenda ni mchezo wa hesabu. Mtafiti Mmarekani Alexander Marshack aliona kalenda ya kufuata mwezi. Wengine wanatuonya tusione mengi kuliko yaliyomo. Hakuna aliyefunga mjadala.

Sipendi kuutumia mfupa huo kujisifu, kama tunavyofanya mara nyingi kwenye hotuba. Naupenda kwa sababu nyingine. Ni andiko lisilo na kamusi wala sarufi, na wasomaji wawili wenye bidii wamelisoma kwa njia mbili, kila mmoja akionyesha alama zinazomuunga mkono. Hiyo ndiyo kazi tunayofanya, au tunayopaswa kufanya, tukiwa mbele ya shairi gumu. Ni mara ngapi hapa kitivoni mwanafunzi ameruhusiwa kubaki na andiko lisilo na jibu moja? Tunapewa maana ya shairi pamoja na shairi lenyewe, katika ukurasa huo huo, na mtihani unataka maana hiyo hiyo.

Sasa tuelekee kusini, kwa majirani zetu wa Zambia. Wengi mnalijua fumbo la mtu anayevuka mto na mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, kwa mtumbwi unaombeba yeye na kimoja tu. Huko Ulaya linapatikana katika mkusanyiko wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin, mwalimu aliyehudumu katika baraza la mfalme Charlemagne, na ambao ulitungwa kwa ajili ya kuwanoa vijana akili. Mwanahisabati Mmarekani Marcia Ascher alilinganisha mafumbo ya namna hiyo kutoka nchi mbalimbali, na Afrika yapo ya kutosha. Zanzibar kuna simulizi yenye chui, mbuzi na majani. Kwa Waila wa Zambia, mtu ana chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi, na mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu. Jaribu mwenyewe. Akianza na mbuzi, panya anabaki na mahindi. Akianza na mahindi, chui anabaki na mbuzi. Akianza na chui au panya, mbuzi anabaki na mahindi. Hakuna njia. Anafikiria kuacha mmojawapo wa wanyama wake, lakini anaona kwamba wanyama hao kwake ni kama watoto. Basi anaamua kutovuka, anabaki alipo.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kila swali lina jibu nyuma ya kitabu atasema fumbo hilo ni bovu. Mimi naona ni fumbo kamili kuliko lile la Alcuin. Sehemu yake moja ni ya hesabu: lazima uthibitishe kwamba hakuna njia, na kuthibitisha hivyo ni kazi ngumu kuliko kutafuta njia. Sehemu nyingine ni ya fasihi: baada ya kujua kwamba haiwezekani, unaamuaje, na uamuzi wako unasema nini juu yako? Hadithi na hesabu zimekaa katika mtumbwi mmoja, na hakuna aliyemla mwenzake. Sisi ndio tuliozitenganisha, hizi upande huu wa kampasi na zile upande ule.

Mkaguzi wangu anaweza kukubali haya yote na bado akauliza: katika kozi ya lugha, chemsha bongo linafundisha nini ambacho maelezo hayafundishi? Nitajibu kwa mfano, na ninaomba msomaji asiruke. Haya ni maneno ya Kituruki. "Ev" ni nyumba moja, "evler" ni nyumba nyingi. "Kitap" unalitambua bila shaka, maana ni ndugu wa kitabu chetu kupitia Kiarabu. Vitabu ni "kitaplar". "Göz" ni jicho, macho ni "gözler". "Okul" ni shule, shule nyingi ni "okullar". Sasa sema wewe: "deniz" ni bahari, bahari nyingi ni nini? Na "at" ni farasi mmoja, farasi wengi je?

Ukikaa na maneno hayo dakika tano utaona kwamba wingi una sura mbili, na kwamba sura haichaguliwi na maana ya neno kama katika ngeli zetu za watu na vitu. Inachaguliwa na irabu iliyotangulia. Penye e, i au ö pana "ler", penye a au u pana "lar". Kwa hiyo ni "denizler" na "atlar". Hujui Kituruki, lakini umegundua mwenyewe upatanifu wa irabu, kanuni ambayo katika silabusi ingekuwa mstari mmoja wa kukariri. Zaidi ya hapo, umeonja kazi ya mwanaisimu: kutazama data, kukisia kanuni, kuijaribu, kuirekebisha. Mashindano ya mafumbo ya isimu ya aina hii yalianza Moscow mwaka 1965 kwa wanafunzi wa sekondari, na tangu mwaka 2003, yalipofanyika Bulgaria, kuna mashindano ya kimataifa karibu kila mwaka. Nchi yetu ina zaidi ya lugha 200. Kama kuna mahali mafumbo ya namna hii yangepaswa kuota kama majani baada ya mvua, ni hapa.

Nisijifanye kwamba hakuna hoja upande wa pili. Programu ni ndefu na mwaka wa masomo ni mfupi, hasa unapokatwa na migomo. Ukumbi una wanafunzi mia mbili na kipaza sauti hakifanyi kazi. Zaidi ya hayo, chemsha bongo linaweza kuwa silaha: kuna mwalimu anayetega swali la hila ili acheke peke yake, na kuna mwanafunzi anayejua jibu tangu zamani na kulitoa kwa sauti kabla wengine hawajaanza kufikiri. Nimewaona wote wawili. Tena fumbo halichukui nafasi ya somo. Anayejua mafumbo mia moja na hajui kunyambua kitenzi bado hajasoma lugha.

Lakini hoja hizo zinatufundisha jinsi ya kucheza vizuri. Ukumbi wa watu mia mbili unaweza kugawanywa watatu watatu pale pale walipokaa, bila kipaza sauti. Anayejua jibu anaweza kupewa kazi ngumu zaidi: atunge fumbo linalofanana. Swali la hila, ambalo jibu lake halipatikani kwa kufikiri, liachwe. Na kuhusu muda, nauliza tu: zile saa tunazotumia kunakili maelezo ambayo tayari yamepigwa chapa na kuuzwa, nani amezihesabu kama zimepotea?

Kwa hiyo nina maombi matatu madogo, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti. La kwanza ni kwa walimu wetu: kila semina ianze na fumbo moja, la lugha au la namba, dakika kumi tu, bila alama. Nasisitiza bila alama; likishapewa alama si fumbo tena, limekuwa mtihani mwingine. La pili ni kwa wahariri wa jarida hili: tupeni nusu ukurasa katika kila toleo kwa mafumbo yaliyotungwa na wanafunzi, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani kwetu. La tatu ni kwa wenzangu mnaotafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo. Kila mwaka tunaandika juu ya riwaya zile zile. Wakati huo bibi zetu wana vitendawili vya hesabu, michezo ya kokoto na mashimo, namna za kuhesabu kwa vidole, ambavyo havijaandikwa popote na wanaovijua wanazidi kupungua. Likizo hii mmoja wenu akae na bibi yake jioni moja na daftari.

Wengi wetu tutakuwa walimu. Kila mmoja atapewa darasa la watoto hamsini au zaidi, na katika safu ya nyuma atakuwepo mtoto ambaye hajawahi kusema neno. Tutamfundisha kama tulivyofundishwa, isipokuwa kama tutajifunza namna nyingine sasa, tukiwa bado hapa. Ndiyo sababu sikubali kwamba zile dakika zilipotea.

Namaliza kwa fumbo, kwa kuwa si haki kuyasifu bila kutega moja. Rafiki yangu wa Kinshasa aliniandikia kwa Kifaransa kwamba atanipigia simu asubuhi, saa 8 kwa saa ya kwake. Sikuona neno asubuhi. Mimi nikasoma kwa Kiswahili, nikawasha simu saa nane mchana, kwa saa ya Lubumbashi. Nilichelewa kwa muda gani?

Wengi watasema saa sita. Soma tena polepole. Atakayeshindwa anipe mji.